Mwanya sio pengo: hotuba yangu kuhusu bendi za wadada wa roki

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi, na nyie wadogo mliokaa chini kwa sababu viti vimeisha poleni sana, ila mkikaa chini mtaisikia besi vizuri kupitia sakafu, japo bendi mbili kubwa nitakazowapigia leo hazina mpiga besi kabisa, na hapo ndo naanzia.

Mama yangu mdogo ana mwanya. Ule mnaoujua, meno mawili ya mbele yameachana kidogo, akicheka unasahau ulikuwa unamdai shilingi ngapi. Kaka yake, mjomba wangu, naye ana nafasi hapohapo mbele ila ya kwake ilitokana na baiskeli na mtaro. Ukipima na rula hata upana unakaribiana, lakini mama mdogo tunamsifia kila harusi na mjomba tunamwambia nenda basi kwa daktari wa meno. Mmoja kazaliwa nayo na anaibeba kama pambo, mwingine kuna kitu kilikuwepo kikatoka.

Sasa nimeombwa nilinganishe bendi za roki zinazoongozwa na wanawake, hizi za indi, na albamu zao, nikakaa na daftari wiki nzima najaribu kupanga namba moja mpaka kumi na kila siku orodha inageuka. Mwisho nikagundua kitu, kwamba bendi zote ninazozirudia kuna kitu hazina. Kuna isiyo na besi, kuna ambayo mpiga gitaa alikuwa hajui gitaa, kuna iliyoibiwa rekodi za majaribio. Nikasema basi, orodha naitupa, nitaongelea mianya na mapengo.

Kwa wasiojua, indi ni zile bendi zilizokulia kwenye lebo, yaani kampuni za kutoa muziki, ndogo zinazojitegemea, sio makampuni makubwa, ingawa siku hizi neno limelegea na linamaanisha tu roki ya magitaa isiyojikwatua sana. Msininukuu kwa walimu wa muziki.

Tuanze na Sleater-Kinney, na nitakaa hapa muda mrefu kwa hiyo mwenye kutaka chai akachukue sasa hivi. Olympia, mji mdogo jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1994. Corin Tucker na Carrie Brownstein, kila mmoja ana bendi yake, wanaanzisha ya pamoja pembeni na wanaipa jina la barabara, yaani kweli kuna barabara inaitwa Sleater Kinney pale jirani, ni kama wewe uite bendi yako Morogoro Road. Mazingira yenyewe ni ya wasichana waliochoka kusimama nyuma kwenye shoo wakati wanaume wanasukumana mbele, bendi ya Bikini Kill walikuwa wameshaanza mjini hapohapo tangu 1990, mwimbaji wao Kathleen Hanna anawaita wasichana waje mbele ya jukwaa. Mwaka 1996 anaingia Janet Weiss kwenye dramu na bendi ndo inakamilika, magitaa mawili, dramu, basi. Besi hakuna.

Nataka muelewe hii ni kubwa kiasi gani kwa sisi tuliolelewa na dansi. Sisi tunajua solo, rizimu na besi, na mtu wa besi ndo anashika nyumba, akichelewa kufika mnasubiri, hata kama mpiga solo ni mkali vipi. Ukiondoa besi, wimbo unaning'inia hewani kama nguo isiyo na vibanio. Hawa walifanyaje? Walishusha nyuzi zote nusu toni tatu chini ya kawaida, ule uzi mnene badala ya kutoa noti ya E unatoa C shapu, kwa hiyo magitaa yakapata tumbo kidogo, alafu wakagawana kazi, Corin anakaa chini anapiga nzito, Carrie anapita juu na noti nyembamba za kuchokonoa, na Janet anapiga dramu kama mtu anayejua kwamba asiposhika nyumba yeye hamna mwingine. Na kwenye kuimba hivohivo, mmoja anasema hiki, mwingine palepale anasema kingine, maneno tofauti kwa wakati mmoja. Aliyezoea taarabu ya mipasho atahisi yuko nyumbani, isipokuwa huku hawasubiriani zamu.

Albamu yenyewe ni Dig Me Out, 1997, lebo ya Kill Rock Stars, nyimbo 13, dakika thelathini na sita hivi. Fupi, haina mafuta. Mle ndani kuna wimbo One More Hour, unahusu kuachana kwa Corin na Carrie wenyewe, maana walikuwa wapenzi, wakaachana, na bendi ikaendelea. Fikiria umeachana na mtu alafu kesho yake mko studio anaimba sauti ya pili kwenye wimbo unaosema mmeachana. Mimi nikiachana na mtu hata duka analonunua vocha nalikwepa.

Niliisikia kwenye flashi ya binamu yangu, faili halina jina, limeandikwa tu traki 01 mpaka 13, na kwa miezi kadhaa nilidhani spika yangu imekufa upande wa chini. Nikaenda kwa fundi. Fundi akasikiliza, akaniambia dada spika nzima, hawa watu wako ndo hawana besi. Nilimlipa elfu mbili ya kunielimisha.

Sasa kuna ugomvi wa kudumu kwetu wapenzi wa hii bendi, Dig Me Out au The Woods? The Woods ni ya 2005, wamehamia lebo ya Sub Pop, produsa ni Dave Fridmann, na humo sauti imevimba mpaka inapasuka, kila kitu kimechomwa, kuna wimbo mmoja unapita dakika kumi na moja. Bendi ya nyimbo za dakika mbili na nusu! Binamu ambaye flashi ilikuwa yake anasema The Woods ndo kilele, hakuna mjadala. Mimi nasema The Woods ni albamu ya watu waliojaza nafasi ya besi kwa makelele, na wameijaza vizuri, balaa kabisa, lakini Dig Me Out waliiacha wazi ukauona mwanya wenyewe. Mwaka 2006 wakasimama, wakarudi 2015 na No Cities to Love, nzuri, naipita haraka kwa sababu muda.

Bendi ya pili isiyo na besi ni Yeah Yeah Yeahs wa New York, walianza 2000. Karen O anaimba, Nick Zinner gitaa, Brian Chase dramu. Ukiwaweka pamoja na Sleater-Kinney unaona kumbe kukosa kitu kilekile kunaweza kuzaa watu tofauti kabisa. Sleater-Kinney waliigawana ile nafasi wakaifanyia kazi, hawa wamemwachia Karen O aivae. Fever to Tell, 2003, nusu ya kwanza ni kupiga kelele, kucheka, kuhema, anatema maneno kama karanga za moto, gitaa moja tu linakimbizana naye na unasema huyu dada hana huzuni duniani. Alafu karibu na mwisho unakuja wimbo Maps. Dramu zinagonga kwa subira, gitaa linatetema palepale, na yeye anasimama tu anamwomba mtu asiende. Kwenye video yake analia, na sio maigizo, mpenzi wake wa wakati ule alikuwa mwanamuziki wa bendi nyingine, alichelewa kufika siku ya kurekodi na Karen O mwenyewe alikuwa anakaribia kuondoka kwenda kwenye ziara. Kama unahisi mstari wa kiitikio umeusikia mahali, ni kweli, Beyoncé aliutumia kwa kuugeuza kwenye wimbo wake Hold Up mwaka 2016. Shosti wangu aliyekaa pale, ndio wewe, miaka yote aliniambia roki ni kelele za wazungu kumbe amekuwa akiuimba mstari wa Karen O jikoni. Na Karen O mwenyewe mama yake ni Mkorea, kazaliwa Korea Kusini, kwa hiyo hata hilo la wazungu lina walakini.

Kulinganisha? Fever to Tell ina wimbo mmoja mkubwa kuliko wimbo wowote wa Dig Me Out. Nimesema. Lakini kama albamu nzima haiifikii, kuna nyimbo mbili tatu pale katikati hata sasa hivi ukiniuliza majina nitababaika. It's Blitz! ya 2009, walipoweka gitaa pembeni kidogo na kuleta sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, imenyooka kuliko, unaweza kuipiga hata kwenye sendofu, lakini mwanya wameuziba.

Kwa haraka niwape na kinyume chake. Camp Cope, wadada watatu wa Melbourne, Australia. Wao besi wanayo, tena Kelly-Dawn Hellmrich anaipiga kama solo, melodi yote unayoondoka nayo kichwani ni ya besi, na Georgia Maq anakwangua gitaa nyuma huku anaimba kwa koo zima. Yani wasichokuwa nacho ni gitaa la solo. Albamu yao How to Socialise & Make Friends, 2018, inafunguliwa na wimbo The Opener, na maneno mengi mle ni maneno waliyoambiwa na wanaume wa biashara ya muziki, pamoja na ule ushauri kwamba wachukue ukumbi mdogo zaidi kwa sababu hawataujaza. Bendi ilifunga kazi 2023. Shoo ya mwisho walipiga wapi? Sydney Opera House. Mimi sina la kuongeza.

Sasa mapengo. Nikirudi kwa Sleater-Kinney, Julai 2019 Janet Weiss anatangaza anaondoka, mwezi mmoja na nusu tu kabla albamu The Center Won't Hold haijatoka, ile aliyoiprodusi mwanamuziki St. Vincent. Baadaye alieleza kwamba hakujiona tena mshirika sawa kwenye kubuni. Niliisikiliza ile albamu kwa kuikasirikia, nakiri, na bado sijaipenda, dramu zimo lakini zimekaa kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi. Miaka ishirini na zaidi yeye ndo alikuwa besi yao, ndo alikuwa nyumba. Hilo ni pengo, na ulimi unakwenda palepale kila wimbo.

Halafu nikasema hawa basi kwisha, na nilikosea. Mwishoni mwa 2022 mama yake Carrie na mume wa mama walifariki kwa ajali ya gari Italia. Ubalozi wa Marekani kule ulikuwa unamtafuta Carrie haupati, simu ikaenda kwa Corin, kwa sababu miaka mingi nyuma Carrie alijaza fomu ya pasi ya kusafiria na kwenye mtu wa kupigiwa ikitokea dharura aliandika jina la Corin. Waliachana kabla ya Dig Me Out, jamani, na jina lilikuwa bado liko pale. Little Rope ya 2024 ilishaanza kuandikwa kabla ya msiba na ikamaliziwa ndani ya msiba. Siwezi kuipima kwa masikio ya kawaida. Ninachosema ni kwamba Corin hajawahi kuimba vile tangu 2005.

Big Thief nao pengo lao ni la juzi. Adrianne Lenker ndo mwandishi na sauti, alikuwa mke wa mpiga gitaa Buck Meek, wakaachana, nao wakaendelea na bendi, sijui hawa watu wanakula nini. Albamu yao ya 2022 ina jina refu ambalo nalisema mara moja tu, Dragon New Warm Mountain I Believe in You, nyimbo 20, wamerekodi sehemu nne tofauti za Marekani, kuanzia milima ya Colorado mpaka jangwa la Arizona, na unasikia hewa inabadilika kabisa. Nyimbo 20 ni nyingi, ningepunguza sita na nisingelia. Julai 2024 mpiga besi Max Oleartchik akatoka. Wengine wangetafuta besi mpya wakasonga, hawa kwenye Double Infinity ya 2025 wakajaza studio wanamuziki wengine New York, kama mtu aliyefiwa akaita mtaa mzima uje ulale pale. Ni albamu ya joto. Bado nawatamani wale wanne wa zamani.

Sasa Alvvays, wanaandika na v mbili kwa sababu jina lenyewe sahihi lilikuwa na mwenyewe tayari. Toronto, Canada, ila Molly Rankin na Kerri MacLellan wa kinanda ni majirani wa utotoni kutoka Cape Breton, kisiwa cha upande wa Atlantiki chenye fidla kila nyumba. Baba yake Molly, John Morris Rankin, alikuwa mpiga fidla wa bendi ya familia, The Rankin Family, maarufu sana kwao, akafariki kwa ajali ya gari mwaka 2000, Molly bado mdogo. Sitaki kumfanya mtu awe msiba wake, lakini ukizisikia zile melodi zake, tamu na zinateleza kidogo kuelekea huzuni, unajua amelelewa nyumba yenye fidla.

Albamu ya kwanza 2014, ya pili Antisocialites 2017, alafu kimya miaka mitano. Kimya chenyewe kina sababu. Mwizi aliingia nyumbani kwa Molly akaondoka na kifaa chenye rekodi za majaribio. Siku ya pili yake maji yakafurika chini ya nyumba karibu yaharibu vyombo vyote. Ikaja korona, mipaka imefungwa, mpiga dramu na mpiga besi wapo Marekani, wao wapo Canada, hawawezi hata kufanya mazoezi pamoja. Mtu wa kwetu angekwenda kwa mganga siku ya pili tu. Walipofanikiwa kuingia studio na produsa Shawn Everett, aliwaambia pigeni albamu yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho mfululizo, kati ya wimbo na wimbo sekunde kumi na tano tu, wakapiga mara mbili. Ndo ikazaliwa Blue Rev, Oktoba 2022, nyimbo 14 zisizofika dakika arobaini.

Kwenye daladala hii ndo nasikiliza kuliko zote, naweka karata zote mezani. Magitaa ni ukungu mzito, sauti ya Molly inatokea humo kama taa za gari la mbele, na kila wimbo una mabadiliko matatu ambayo bendi nyingine ingeyatengenezea nyimbo tatu. Udhaifu wake? Maneno yanazama. Sleater-Kinney unajua wanakudai nini kuanzia sekunde ya kumi, Alvvays unahitaji mara tano ugundue kumbe wimbo mtamu hivi unahusu kukutana na dada wa ex wako kwenye duka la dawa. Mi napenda, ila nawaelewa wasiopenda.

Namalizia na The Breeders, na hawa nimewaweka mwisho kwa sababu wananivuruga hesabu zangu za meno. Kim Deal alikuwa mpiga besi wa bendi ya Pixies, kule nyimbo zake zilikuwa zinapata nafasi kwa kijiko cha chai, akaanzisha The Breeders pamoja na Tanya Donelly wa bendi ya Throwing Muses, wakatoa Pod 1990. Kim akamleta pacha wake wa kufanana, Kelley, kutoka Dayton, Ohio, na Tanya alipoondoka gitaa la solo likawa la Kelley. Kelley hajui gitaa. Alikuwa mtu wa kazi za kompyuta! Akajifunzia humohumo, na matokeo yake ni kwamba kwenye Last Splash ya 1993 gitaa la solo halina ujanja wowote, halikimbii, linatoa noti tatu nne zilizokaa vizuri na linanyamaza, na mtu aliyesoma gitaa miaka kumi asingeweza kunyamaza vile. Albamu ikapita nakala milioni Marekani. Wakati bendi za wanaume wa mwaka ule zinapiga kama zinabeba msalaba, hawa wanasikika kama ndugu wanaochekana wakiosha vyombo.

Mwaka uliofuata Kelley akakamatwa kwa ishu ya heroini, akaenda kutibiwa, bendi ikasambaratika, na albamu iliyofuata haikuja mpaka 2002. Miaka tisa. Dada yuleyule aliyekuwa mwanya wa bendi akawa pengo lake, alafu akarudi. 2018 wakatoa All Nerve na watu walewale wanne wa Last Splash, wameshakuwa watu wazima, sauti imekauka kidogo na inapendeza. Kelley siku hizi anajulikana hata kwa kufuma mikoba, mama mdogo wangu nilipomwambia hilo ndo mara ya kwanza alitaka kuwasikia.

Binamu ananinyooshea kidole, anataka namba moja. Haya, Dig Me Out, Last Splash, Blue Rev, kwa mpangilio huo, The Woods ya nne na nyamaza.

Sasa tuwashe hiyo spika. Huu ni Cannonball, wa Last Splash. Utaanza na sauti ya Kim kwenye maiki mbovu, alafu Josephine Wiggs anaingia na besi peke yake, na kuna noti moja anaikosea, ipo chini kidogo ya inapotakiwa. Alikosea mazoezini, wakacheka, wakaamua ibaki. Bendi nzima ikiingia utasikia ameirekebisha. Nyie mliokaa chini wekeni viganja sakafuni, kaka wa mitambo, twende.